Asubuhi kwa Kilatini, Alasiri kwa Lugha ya Mjini

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuzungumza na wagonjwa wa presha waliokusanyika chini ya mwembe, nje ya kliniki moja ya wilaya. Nilikuwa nimetoka kumaliza shahada ya uzamili na kichwa changu kilikuwa kimejaa. Nilizungumza kwa dakika hamsini juu ya mishipa ya damu, figo, moyo na ubongo. Nilitaja vipimo, nikataja makundi ya dawa, nikaonya juu ya chumvi na pombe. Nilipomaliza, mama mmoja mtu mzima aliyejitanda kanga alisimama.

"Daktari mwanangu," akasema, "mwezi uliopita wamenipima, wakaniambia presha yangu iko sawa. Sasa hizi dawa nazimeza kwa ugonjwa gani?"

Lilikuwa swali bora kuliko yote niliyoulizwa siku ile, nami nililijibu kwa maneno niliyoyazoea. Nilimwambia kwamba shinikizo la juu la damu ni ugonjwa sugu, kwamba hautibiki bali hudhibitiwa, na kwamba ufuasi wa dawa ni jambo la lazima. Akaitikia kwa kichwa. "Nimekusikia, baba," akasema, akaketi.

Kama miezi minne baadaye nilimkuta wodini, mkono wake wa kulia umelegea na maneno yanamtoka kwa shida. Binti yake alinisimulia kwamba mama aliacha vidonge juma lile lile la mazungumzo yetu. Aliporudi nyumbani aliwaambia wanawe kuwa daktari mwenyewe amekiri mbele za watu kwamba ugonjwa huu hautibiki. Basi ya nini kuendelea kupoteza nauli ya kufuatia dawa?

Sikudanganya siku ile, wala sikukosea kitabibu. Yule mama naye hakuwa mjinga: alilichukua neno langu kama lilivyo katika Kiswahili cha kila siku, akafuata hoja yake mpaka mwisho. Kosa lilikuwa katikati, mahali ambapo neno hutoka kinywani mwa mtaalamu na kuingia sikioni mwa mtu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma, kwa udadisi wa mtu aliyeungua, habari za wale waliowahi kusimama mbele ya umma na kuugawia elimu ya chuo kikuu. Ninayotaka kumsimulia msomaji leo yanatoka hasa katika jiji la London, kwa sababu huko ndiko nilikokuta kisa kirefu kuliko vyote, na kisa hicho kinamhusu tabibu tangu siku yake ya kwanza.

Thomas Gresham alikuwa mfanyabiashara na mshauri wa fedha wa watawala wa Uingereza katika karne ya 16. Alijenga Royal Exchange, jengo la kukutania wafanyabiashara, ambalo Malkia Elizabeth wa Kwanza alilizindua mwaka 1571. Alifariki mwaka 1579. Katika wasia wake aliagiza kwamba mkewe akishafariki, nyumba yao kubwa iliyokuwa mtaa wa Bishopsgate igeuzwe kuwa makao ya walimu saba, na kwamba kodi za maduka ya Royal Exchange ziwalipe kila mmoja wao pauni 50 kwa mwaka. Kazi yao ingekuwa moja: kufundisha bure mtu yeyote atakayeingia mlangoni. Mihadhara ilianza mwaka 1597, na inaendelea hadi leo hii.

Masomo saba aliyoyachagua yanafaa kutazamwa kwa makini. Yalikuwa elimu ya dini, sheria, balagha, muziki, jiometri, elimu ya nyota na utabibu. Leo tungeyagawa masomo haya katika vitivo vitatu au vinne visivyosalimiana. Gresham aliyaweka chini ya paa moja, ua mmoja na malipo sawa. Tabibu hakulipwa zaidi ya mwanamuziki, jambo ambalo nashuku lingezua mgogoro mkubwa kama lingependekezwa katika chuo chochote nikijuacho.

Ila lililonikamata mimi ni suala la lugha. Wakati huo Kilatini ndicho kilikuwa lugha ya vyuo vikuu vya Ulaya. Daktari alisoma kwa Kilatini, akajadiliana kwa Kilatini, na cheti chake kiliandikwa kwa Kilatini. Waliosimamia wasia wa Gresham, yaani baraza la jiji na chama cha wafanyabiashara wa nguo kiitwacho Mercers, walikaa wakajiuliza nani hasa atakuja kusikiliza. Wakaona kwamba wakazi wengi wa jiji hawakijui Kilatini. Wakaamua kwamba mhadhara mmoja utolewe mara mbili: asubuhi kwa Kilatini, kwa ajili ya wageni na wasomi, na alasiri urudiwe kwa Kiingereza, kwa ajili ya mabaharia, mafundi na wachuuzi.

Uamuzi huo si mdogo. Kuna tofauti kati ya kutafsiri mhadhara na kuutoa upya kwa watu wengine. Profesa aliyetamka jambo saa mbili asubuhi mbele ya wenzake alilazimika, kabla jua halijatua, kulitamka tena mbele ya mtu anayepima vitambaa dukani. Kila istilahi aliyojifichia asubuhi ilimdai alasiri. Natamani kila mmoja wetu anayefundisha utabibu awekewe sharti hilo kwa muhula mmoja tu.

Si wote waliolipenda. Profesa wa kwanza wa muziki, John Bull, aliyekuwa mpigaji kinanda hodari na aliyependekezwa na Malkia mwenyewe, hakuweza kuzungumza Kilatini. Akaruhusiwa kufundisha kwa Kiingereza peke yake. Masharti ya kiti chake yalieleza kwamba nusu saa iwe ya nadharia, na muda uliobaki uwe wa sauti na ala, watu wasikie kile kilichosemwa. Nimeona mafunzo mengi ya kunyonyesha na ya kutumia kipulizio cha pumu ambayo yangefaidika na sharti la John Bull: nusu saa ya maneno, kisha ala mkononi.

Profesa wa elimu ya nyota aliagizwa kila mwaka atenge sehemu ya muda wake kwa ajili ya jiografia na uongozaji wa vyombo baharini, maana London ilikuwa bandari na wasikilizaji wake walikuwa na safari za kufunga. Profesa wa kwanza wa jiometri, Henry Briggs, ndiye aliyeziweka logarithi katika kizio cha kumi, kazi ambayo iliwapunguzia mabaharia na wapima ardhi hesabu za usiku kucha.

Na tabibu je? Kiti cha kwanza cha utabibu kilikaliwa na Matthew Gwinne. Maagizo aliyopewa mwenye kiti hiki yananishangaza kila ninapoyakumbuka. Aliambiwa asichague kipande hiki cha Galen au kile cha Hippocrates na kukifafanua kama walivyozoea vyuoni, kwa sababu maarifa ya namna hiyo humfikia msikilizaji yakiwa vipande vipande. Badala yake afuate mpango wa tabibu Mfaransa, Jean Fernel: kwanza aeleze mwili unavyofanya kazi ukiwa mzima, kisha aeleze maradhi yanavyouharibu, na mwisho ndipo aingie katika matibabu. Hapo, walisema, elimu itakaa vizuri katika vichwa vya wanaojifunza.

Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka yule mama wa kanga. Mimi nilianza na ugonjwa, nikaruka kwenye dawa. Sikumweleza kwanza presha ni kitu gani kwa mtu mzima asiyeumwa: kwamba kila moyo unaodunda lazima uisukume damu, kwamba bila msukumo huo hakuna anayeishi, kwamba yeye, mimi na mtoto aliyekuwa amelala mgongoni mwa jirani yake sote tuna presha. Mtu asiyeambiwa hivyo huamini kwamba presha ni kitu kilichoingia mwilini, kama minyoo. Na kitu kilichoingia kinaweza kutoka. Akiambiwa kipimo kiko sawa, basi kwake kimekwisha toka.

Nyumba ile ya Bishopsgate haikukosa vituko. Katikati ya karne ya 17 kiti cha muziki kilipewa William Petty, ambaye alikuwa daktari, si mwanamuziki wa kutajwa. Petty alikuwa amejipatia jina huko Oxford mwezi Desemba mwaka 1650. Kijakazi mmoja, Anne Greene, alikuwa amenyongwa kwa hukumu ya mahakama na mwili wake ukapelekwa kwa matabibu ili wanafunzi wajifunze. Petty na mwenzake Thomas Willis walipofungua jeneza walisikia pumzi. Wakaacha visu, wakamsugua, wakampa vinywaji vya moto, wakamlaza pamoja na mtu wa kumpasha joto, na yule mwanamke akapona, akasamehewa, akaishi. Namna gani kisa hicho kilimfanya Petty afae kufundisha muziki, sijui mtu anayeweza kueleza vizuri. Lakini nakiri ningepanga foleni kumsikiliza.

Tarehe 28 Novemba 1660, Christopher Wren, profesa wa elimu ya nyota, alitoa mhadhara wake kama kawaida. Ulipokwisha, watu 12 walibaki wakizungumza. Walikubaliana kuanzisha jumuiya ya kukutana kila juma ili kufanya majaribio na kuyajadili. Jumuiya hiyo ndiyo Royal Society, ambayo bado ni moja ya jumuiya za kisayansi zenye heshima kubwa duniani. Wengi hulitaja tukio hili kama fahari ya sayansi. Mimi naliona zaidi kama habari ya kile kinachotokea baada ya mhadhara, wakati viti vinakusanywa na watu hawataki kuondoka. Sisi hapo ndipo tunapogawa soda na kuangalia saa.

Isidhaniwe kwamba mambo yalikwenda vema siku zote. Robert Hooke, aliyeshika kiti cha jiometri kuanzia mwaka 1665 na kuishi katika nyumba ile hadi kifo chake mwaka 1703, aliandika katika shajara yake siku ambazo hakuja msikilizaji hata mmoja. Huyu ndiye mtu aliyekwisha uonyesha ulimwengu chembe za gamba la mti chini ya hadubini na kuzipa jina tunalolitumia hadi leo: seli. Karne iliyofuata ilikuwa mbaya zaidi. Maprofesa walitegea, wadhamini walilalamika, watu wakapungua. Mwaka 1768 nyumba ilibomolewa kupisha ofisi ya ushuru, na mihadhara ikahamishiwa katika chumba kimoja juu ya Royal Exchange, jengo lile lile lililokuwa likiilipia. Ilichukua muda mrefu kufufuka. Siku hizi inatolewa hasa katika ukumbi wa kale wa Barnard's Inn, Holborn, na kurekodiwa ili wa mbali waisikilize. Mlangoni bado hakuna kiingilio.

Kiti cha utabibu kipo hadi leo. Mwaka 2018 alikipokea Christopher Whitty, daktari wa magonjwa ya kuambukiza ambaye amewahi pia kufanya kazi barani Afrika. Mwezi Oktoba mwaka huo alitoa mhadhara kuhusu jinsi ya kudhibiti mlipuko wa maradhi. Hakukuwa na mlipuko wowote mlangoni pa London. Alieleza kwa utulivu kwamba jambo la kwanza ni kujua njia ambayo maradhi hupita kutoka mtu mmoja hadi mwingine, kwa kuwa hatua za kuyazuia hutegemea njia hiyo. Mwaka mmoja baadaye akawa mganga mkuu wa Uingereza, na mwaka 2020 uso wake ulionekana mara kwa mara katika runinga za nchi nzima, akisimama kando ya waziri mkuu na kueleza habari za UVIKO-19. Tarehe 30 Aprili mwaka huo alirudi kutoa mhadhara wa Gresham juu ya ugonjwa huo, safari hii bila watu ukumbini.

Sitaki kutia chumvi. Mhadhara wa 2018 haukuwaokoa Waingereza na yaliyowapata. Waliofariki walikuwa wengi mno, na maamuzi mengi ya serikali yao bado yanalaumiwa. Ninachosema ni kidogo zaidi: kwamba siku ambayo tabibu anahitaji kuzungumza na taifa lenye hofu si siku nzuri ya kuanza kujifunza kuzungumza. Sisi tuliokuwa katika vituo vya afya wakati huo tunajua jinsi uvumi ulivyotutangulia kila mahali, ukipita katika simu za watu kabla hatujafungua midomo.

Niruhusiwe hapa kumtaja kwa ufupi mtu ambaye hakuwa profesa wa Gresham. Mwaka 1812 kijana aitwaye Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, alikuwa akimalizia mafunzo ya kujalidi vitabu. Mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za kumsikiliza mkemia Humphry Davy katika taasisi ya Royal Institution, mtaa wa Albemarle. Tiketi, msomaji, si mlango wazi: asingepewa, asingeingia. Alihudhuria mihadhara minne, akaandika kila alichosikia, akachora vifaa, akaijalidi kazi hiyo kwa mikono yake na kumpelekea Davy. Mwaka 1813 akaajiriwa kama msaidizi wa maabara. Mengine yanajulikana: mota, jenereta na transfoma zote zina deni kwake. Faraday hakusahau. Alipokuwa mkubwa katika taasisi ile alianzisha mihadhara ya Ijumaa jioni kwa watu wazima, na mihadhara ya Krismasi kwa vijana iliyoanza mwaka 1825. Katika mmoja wa misururu yake mashuhuri zaidi aliwaeleza watoto kemia yote kupitia mshumaa unaowaka. Katika barua alizomwandikia rafiki yake akiwa bado kijana alishikilia kwamba saa moja yatosha, na kwamba anayezidisha anawachosha watu bure. Nilipokuwa chini ya mwembe nilijisifu kwa kutofika saa moja. Sikujua kwamba hiyo ni saa ya watu walioketi vitini, si ya watu waliosimama juani na tumbo tupu kwa sababu wameambiwa waje bila kula wapimwe sukari.

Kuna mkondo mwingine wa mihadhara unaotugusa kwa karibu. Ni mihadhara ya Reith, inayorushwa na redio ya BBC tangu mwaka 1948. Mwaka 1979 aliyeitoa alikuwa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, msomi wa siasa. Alizungumza kwa mihadhara sita juu ya hali ya Afrika. Mwaka uliofuata aliitoa Ian Kennedy, mwanasheria, na mada aliyoichagua ilikuwa utabibu: mamlaka ya daktari yanatoka wapi, na mgonjwa ana sauti gani ndani yake. Ndiyo, mwanasheria. Madaktari wengi hawakupendezwa. Lakini nadhani hapa ndipo faida ya kuweka fani zote katika jukwaa moja inapoonekana. Tabibu akizungumza peke yake kuhusu utabibu hawezi kuona kisogo chake.

Mwaka 2014 ikawa zamu ya daktari mpasuaji wa Boston, Atul Gawande. Alitoa mihadhara minne katika miji minne, Boston, London, Edinburgh na Delhi, na mhadhara wa kwanza aliupa jina linalouliza kwa nini madaktari hushindwa. Humo alisimulia habari za mwanawe mchanga aliyezaliwa na hitilafu ya moyo. Daktari anayesimama mbele ya dunia na kuanza kwa hofu yake kama baba amekwisha vua koti jeupe kabla hajafika kwenye hoja. Katika mhadhara uliofuata alieleza kwamba makosa mengi ya karne yetu hayatokani na kutojua, bali na watu wengi wanaojua kushindwa kufanya kazi pamoja.

Hoja hiyo ina mizizi nyumbani kwetu. Gawande ndiye aliyeongoza kazi ya Shirika la Afya Duniani iliyotunga orodha ya ukaguzi wa usalama katika upasuaji, ile karatasi ya vipengele 19 ambayo wengi wetu tunaifahamu kutoka ukutani mwa thieta. Orodha ilijaribiwa katika hospitali nane duniani. Moja ilikuwa London, nyingine Seattle, nyingine Toronto. Na moja ilikuwa Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: katika hospitali zote kwa pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Kipengele kimojawapo katika orodha hiyo ni kwamba kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake. Nesi ajulikane, mtaalamu wa usingizi ajulikane. Mtu aliyekwisha tamka jina lake ni rahisi zaidi kufungua mdomo anapoona kosa.

Nimejiuliza kama mkutano wa wagonjwa haungeanza hivyo hivyo. Siku ile chini ya mwembe alijitambulisha mtu mmoja tu, na alikuwa mimi.

Kwetu neno mhadhara lina historia yake. Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam au Tanga kwamba leo kuna mhadhara, pengine atadhani unazungumzia mahubiri ya uwanjani. Darsa nalo tunalijua. Katika mwezi wa Ramadhani mwalimu hukaa baada ya sala na watu humzunguka, humwuliza, hubishana naye kwa adabu. Hatukosi desturi ya kusikiliza kwa pamoja, na mabaraza yetu ya kahawa yamehukumu kesi ngumu kuliko za mahakamani. Kilichokosekana ni chuo kikuu kuja kuketi humo. Profesa anapopandishwa cheo hutoa mhadhara wake wa heshima, mara nyingi kwa Kiingereza, ukumbini, mbele ya wenzake waliovaa majoho. Huo ndio mhadhara wetu wa asubuhi. Nao una mahali pake, sina ugomvi nao. Ninauliza tu wa alasiri uko wapi.

Wapo wanaojibu kwamba Kiswahili hakina istilahi. Jibu hilo limezeeka. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilishachapisha Kamusi ya Tiba, na siku ile mimi sikukosa istilahi hata moja. Shinikizo, ugonjwa sugu, kudhibiti, ufuasi: yote yalikuwa maneno ya Kiswahili, sanifu, yaliyokubalika. Niliweza kuzungumza Kilatini kwa Kiswahili.

Baada ya yale niliyoyaona wodini nilimwendea mwenzangu anayefundisha fasihi simulizi katika chuo kingine, nikamweleza kisa chote. Hakunipa pole. Aliniuliza yule mama alitumia maneno gani hasa alipouliza swali. Nilipomrudia maneno yake, akasema, "Mwenzio alikuuliza dawa ni ya ugonjwa gani. Wewe ukamjibu ugonjwa ni wa namna gani. Hukumjibu." Tukakaa jioni nzima tukilitafuta jibu la swali lililoulizwa. Tulijaribu mifano, tukaitupa mingi. Mfano wa paa ulidumu: mvua inanyesha, ndani pakavu; hakuna anayeng'oa bati kwa kuwa ndani ni pakavu.

Mara ya pili tulikwenda wawili, pamoja na nesi wa kliniki ambaye wagonjwa humwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Nesi alianza. Kila mtu alitaja jina lake na mwaka alioanza dawa, na hilo peke yake lilichukua nusu saa ambayo mimi wa zamani ningeiona imepotea. Ndipo nikaeleza msukumo wa damu kwa mtu mzima, kisha unavyoharibu ukizidi, kisha dawa, kwa mpango ule wa Fernel. Neno "hautibiki" sikulitaja. Nilisema presha yako iko sawa kwa sababu unakunywa dawa, na ukiacha itapanda tena bila kukuumiza kichwa wala kukupa dalili yoyote, mpaka siku itakapokuangusha. Mwenzangu wa fasihi akaleta habari ya paa. Watu wakacheka, kisha mzee mmoja akasema bati lake yeye linavuja hata dawa akinywa, na tukagundua kwamba alikuwa akimeza kidonge kimoja kwa siku mbili ili kifike mwisho wa mwezi.

Yule mama alikuwepo pia, amekaa mbele, mkono wa kulia juu ya paja. Binti yake ndiye aliyemleta. Tulipomaliza alinyanyua mkono wa kushoto. Alizungumza polepole, na nesi akatuomba wote tunyamaze.

"Hizo dawa," akasema, "zikiisha hapa kliniki kabla ya mwezi kwisha, kama mwezi uliopita, tunafanyaje?"

Nesi alinitazama, nami nikamtazama mwenzangu wa fasihi. Tuliandika swali lake katika daftari, na jina lake pembeni, na tarehe tutakayorudi na jibu.